Gari linapiga kama mkokoteni: nibadilishe shokapu?

Msomaji ameandika hivi: "Shikamoo fundi. Nina pikapu ya milango minne inayovuta magurudumu yote, mbele ina springi za koili na nyuma za majani. Mwaka jana nilifunga springi ngumu za mizigo, gari likanyanyuka milimita 50, kisha nikaweka matairi makubwa ya njia mbovu. Shokapu ni zile zile lilizotoka nazo kiwandani. Kwa macho linapendeza, ila tangu siku hiyo kwenye barabara ya vumbi linapiga kama mkokoteni. Mama yangu ana matatizo ya mgongo, na sasa hataki kupanda kabisa. Nimeshauriwa ninunue shokapu za gesi zenye mtungi wa pembeni. Zitanisaidia? Kwa kawaida tuko watatu na mabegi, mzigo mzito ni mara chache sana. Upepo najaza psi 45."

Marahaba, ndugu yangu. Kwanza mpe mama pole zangu. Wakati unaendelea kulishughulikia gari, mkalishe kiti cha mbele. Kwenye pikapu kiti cha mbele kiko karibu na katikati ya ekseli mbili, na gari linapoyumba pua na mkia, katikati ndipo panaposogea kidogo kuliko kwingine. Kiti cha nyuma kimeisogelea ekseli ya nyuma, na hiyo ndiyo ekseli uliyoifunga springi za lori.

Shokapu usinunue kwanza. Hizo ulizotajiwa zinaweza kuwa nzuri sana, lakini utakuwa unazifunga pembeni ya springi zinazosubiri mzigo ambao haupo.

Shokapu haibebi gari. Kubeba ni kazi ya springi. Gurudumu likipanda jiwe, springi inajikunja na kuhifadhi nguvu ya lile pigo, kisha inataka kuirudisha. Shokapu ndiyo breki ya springi: pistoni inasukuma oili kupitia vitundu vidogo, na nguvu ile inaishia kuwa joto. Ndiyo maana springi ikiwa ngumu mno, hakuna shokapu itakayoilainisha. Ukiweka shokapu laini gari litarukaruka, ukiweka ngumu utakuwa umeongeza ugumu juu ya ugumu. Nimeona watu wengi wakibadilisha shokapu mara mbili, mara tatu, na kila mara wanarudi na malalamiko yale yale, kwa sababu hakuna aliyewaambia wapime springi.

Kupima si kazi kubwa, na naomba uifanye kabla ya kutumia hela yoyote. Peleka gari kwenye mizani, lipime ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake, likiwa tupu lakini lina mafuta. Kisha egesha mahali tambarare, ukae juu ya bampa ya nyuma na kulisukasuka mara tatu nne ili majani ya springi yatulie. Pima kutoka katikati ya rimu ya nyuma hadi ukingo wa bodi juu yake, pande zote mbili, uandike. Halafu panga kilo 200 za kitu unachojua uzito wake, kwa mfano mifuko minne ya kilo 50, juu kabisa ya ekseli, si mwishoni mwa bodi. Sukasuka tena, pima tena.

Tuseme gari lako nyuma lina kilo 800 kwenye mizani. Toa kama 200 za ekseli, difu na magurudumu, ambazo springi hazizibebi. Springi zinabeba 600. Sasa kama zile kilo 200 zimeshusha gari milimita 20 tu, ukipiga hesabu unapata kwamba nyuma ya gari lako ikiachwa itikisike yenyewe inatikisika karibu mara 2 kwa sekunde. Kama lingeshuka milimita 40, ingekuwa kama mara 1.4. Magari ambayo watu huyasifia kwa ulaini hukaa kati ya 1 na 1.5, na kadiri unavyopanda kutoka hapo, ndivyo mwili unavyoanza kulalamika. Mtu aliyeketi husumbuliwa zaidi na mitikisiko ya juu na chini ya kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde. Hapo tumbo na uti wa mgongo hucheza pamoja na kiti. Springi ngumu hupitisha mitikisiko hiyo mingi zaidi kuliko springi laini.

Sasa chukua springi zile zile ngumu, uzipakie mzigo wa kilo 500 usioshuka. Springi zinabeba 1,100, na mtikisiko unarudi kwenye mara 1.5 kwa sekunde. Yaani springi ulizonunua si mbovu. Ni nzuri kwa gari la mtu mwenye kilo 500 nyuma kila siku ya Mungu. Wewe una mabegi matatu.

Ndiyo sababu springi za kubadilisha huuzwa kwa uzito: za gari tupu, za mzigo wa kudumu wa kilo kadhaa, za mzigo mkubwa zaidi. Neno la kushikilia hapo ni "wa kudumu". Hesabu vile tu visivyoshuka garini: bampa ya chuma, winchi, keria, tangi la ziada, boksi la vifaa. Mzigo wa safari mbili kwa mwaka usiuchagulie springi. Kwa safari hizo kuna mifuko ya upepo ya kusaidia, unaijaza ukipakia na kuipunguza ukishusha. Nyuma kwenye springi za majani uwe na tahadhari, kwa sababu mfuko husukuma chesisi mahali pamoja badala ya ncha mbili za springi, na ukizidisha mzigo chesisi inaweza kupinda. Kwa koili mifuko hiyo hukaa ndani ya koili yenyewe na shida hiyo haipo.

Mbele hujataja bampa ya chuma wala winchi. Basi kama na mbele ulifunga za uzito mkubwa, hizo nazo zinatakiwa kutoka. Usibadilishe upande mmoja bila kuuangalia mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mhandisi Maurice Olley, aliyetoka Uingereza kwenda kufanya kazi Marekani, alitumia gari lenye uzito wa kuhamishwa huku na huku kutafuta kwa nini magari ya wakati ule yalikuwa yakipiga pua na mkia. Alichokiona kinatumika hadi leo: mbele itikisike polepole kidogo kuliko nyuma. Gurudumu la mbele hukutana na tuta kwanza, la nyuma hufuata. Ikiwa nyuma ina haraka kidogo, inaikamata mbele, na gari zima linapanda na kushuka kwa pamoja badala ya kubembea. Ila ni kidogo. Nyuma ikiwa 2 na mbele 1.3, hakuna kukamatana hapo, nyuma inapiga teke tu.

Upepo. Psi 45 kwa gari tupu ni nyingi, na matairi ya njia mbovu huwa na kuta nene zilizo ngumu tayari. Tairi ndiyo springi ya kwanza kabisa kukutana na jiwe. Angalia kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, anza na namba ile; kama matairi yako ni ya daraja la magari ya mizigo, yataka kuongezewa psi chache juu ya hapo. Barabara ya vumbi ikiwa mbaya, punguza karibu robo ya upepo na upunguze mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa, kisha ujaze tena ukirudi kwenye lami. Utajuaje hukupunguza mno? Pima tairi ikiwa baridi, endesha nusu saa, pima tena. Ikipanda psi 4 hadi 6, uko salama. Ikipanda zaidi ya hapo, tairi inajikunja kupita kiasi na inachemka; ongeza upepo. Ungeniuliza ni hatua gani moja utakayoisikia leo hii bila kununua kitu, ni hii.

Na matairi makubwa ni mazito. Uzito wa gurudumu uko chini ya springi, kwa hiyo gurudumu zito likishaanza kuruka, springi na shokapu zina kazi kubwa zaidi ya kulirudisha chini. Sikwambii uyatoe, maana umeshayanunua, lakini siku yakiisha fikiria saizi moja chini.

Majani ya springi yana jambo lao la peke yake: msuguano. Pande za chuma zimelaliana, na gari likipita kwenye vituta vidogo, zinatakiwa ziteleze moja juu ya nyingine. Zikishika kutu na vumbi, hazitelezi. Pigo dogo halitoshi kuuvunja ule msuguano, kwa hiyo springi inakaa kama ubao na pigo linapita moja kwa moja hadi kwenye chesisi. Fikiria hivi: gari linatetemeka lote kwenye changarawe ndogo, lakini kwenye shimo kubwa linaenda vizuri tu. Ukiona hivyo, springi inahitaji kufunguliwa, kila jani lisuguliwe kwa brashi ya waya, na vile vipande vya plastiki vya kwenye ncha za majani viwekwe vipya. Kama hazina vipande hivyo, grisi ya grafaiti inasaidia ingawa hukusanya vumbi na utairudia.

Kuna watakaokushauri utoe jani moja tu, kazi iishe. Inaweza kulainisha, lakini majani yaliyobaki yanabeba kazi ambayo hayakupangiwa, hasa jani kuu, na jani kuu likikatika ekseli inahama mahali pake ukiwa barabarani. Mimi ningebadilisha seti nzima kwa ya uzito mwepesi. Yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, ziwe mpya, zisirudiwe za zamani, na zikazwe tena baada ya kilomita 500 hivi kwa sababu majani mapya hujikalia na nati hulegea.

Sasa nije kwenye kosa ambalo nimelikuta mara nyingi kuliko yote, na linaharibu kazi nzuri ya springi nzuri. Bushi za raba kwenye ncha za springi na kwenye mikono inayoshikilia magurudumu ya mbele hazizunguki. Raba imegandana na chuma cha ndani na chuma cha nje. Gurudumu likipanda na kushuka, raba inajinyonga kidogo kisha inarudi. Inatakiwa iwe imetulia, haijanyongwa upande wowote, gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Fundi mwenye haraka analiinua gari kwa jeki, magurudumu yananing'inia, anafunga springi mpya na kukaza nati zote huko huko juu hadi mwisho. Akishusha gari chini, kila bushi inakuwa imeshanyongwa. Kuanzia dakika hiyo raba zinalisukuma gari kwenda juu kama springi za ziada ambazo hukuziomba. Gari linakaa juu kuliko ilivyopangwa, linakuwa gumu, na raba zinapasuka mapema.

Niliwahi kupokea gari la namna hiyo, mwenyewe amekata tamaa na anataka kurudisha springi alikozinunua. Nililala chini na tochi: kila bushi ya nyuma ilikuwa na ufa kama mwezi mchanga, upande ule ule mmoja. Tukaweka bushi mpya, tukaliacha gari lisimame kwa magurudumu yake, tukalegeza nati zote, tukalisukasuka, ndipo tukakaza. Gari lilishuka karibu milimita 15 mbele ya macho yetu kabla ya nati ya mwisho kukazwa. Springi zilibaki zile zile.

Kwa hiyo kabla ya kutoa chochote, fanya hivyo hivyo na gari lako. Likiwa chini, legeza nati za bushi za nyuma na za mikono ya mbele, sukasuka, kaza kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Bushi zikiwa zimepasuka, weka za raba. Zile ngumu za poliyurethani hudumu na hufanya usukani ujibu haraka, lakini hupitisha mtetemo zaidi, nawe unatafuta kinyume chake.

Milimita 50 za kunyanyua zina swali lingine: gurudumu lina nafasi gani ya kushuka? Watu huangalia nafasi ya kupanda peke yake. Gurudumu likikuta shimo linatakiwa lianguke lifuate ardhi. Wewe umenyanyua gari na umebakiza shokapu za urefu wa zamani. Maana yake ukiwa umesimama tu, shokapu zimeshavutika milimita nyingi karibu na mwisho wake. Shimo dogo linatosha kuzifikisha mwisho, na hapo unasikia "kong!" ya chuma kwa chuma chini ya miguu. Pima: inua chesisi kwa jeki, uweke stendi imara, acha magurudumu yaning'inie, uone yameshuka kiasi gani kutoka pale yalipokuwa. Kisha linganisha na nafasi iliyopo ya kupanda hadi kwenye raba ya kuzuia. Kama nafasi ya kushuka haifiki theluthi ya mwendo wote, umepata chanzo kimoja cha kelele zako. Hapo shokapu ndefu zinazolingana na kimo cha gari ni lazima, ziwe na mtungi au zisiwe nao. Ukirudi kwenye springi nyepesi na gari likashuka, huenda za zamani zikatosha.

Kwa wenye magari ya tosheni baa mbele, yaani fimbo ya chuma inayojinyonga badala ya koili, neno moja. Kukaza bolti ya tosheni baa ili kunyanyua pua hakuifanyi baa yenyewe kuwa ngumu. Ugumu mnaousikia hutokana na huku kuishiwa nafasi ya kushuka.

Na kwa kuwa gari limenyanyuliwa, kuna mambo mawili ya usalama sitayaruka. Paipu za breki zisikazike gurudumu likining'inia. Na pikapu nyingi nyuma zina vali ya breki inayosoma umbali kati ya chesisi na ekseli. Ukinyanyua gari, vali inadhani halina mzigo na inapunguza nguvu ya breki za nyuma. Irekebishwe kimo chake. Alaimenti nayo ifanywe upya kila kimo kinapobadilika.

Sasa shokapu zenyewe. Zijaribu kwanza ulizonazo. Endesha kwenye njia mbovu robo saa, simama, ukaribishe mkono kwenye kila moja bila kuishika kwa nguvu, kwa maana inaweza kuunguza. Shokapu inayofanya kazi inakuwa ya moto, kwa sababu joto ndilo zao la kazi yake. Ukikuta tatu za moto na moja baridi, ile baridi imekufa. Ukiona oili imetiririka kwenye bomba lake, hata usihangaike na jaribio.

Ikifika kununua, uliza mambo mawili kabla ya kuuliza chapa: urefu, na imetengenezewa springi ya ugumu gani. Shokapu ina nguvu mbili tofauti, ya kubonyea na ya kurudi, na ya kurudi huwa kubwa zaidi kwani ndiyo inayoizuia springi kurusha gari juu. Ukiichukua iliyopangwa kwa springi ya kilo 500 ukaifunga kwenye springi laini, ya kurudi itakuwa kali mno. Kwenye vile vituta vidogo vilivyofuatana kama mawimbi, gurudumu linabonyea, halijamaliza kurudi linakutana na kituta kingine, linabonyea tena, na kidogo kidogo gari linazama hadi linaegemea zile raba za kuzuia. Dereva anasema shokapu ni laini, anaongeza ugumu, na anazidi kuharibu.

Mtungi wa pembeni una maana yake. Unaongeza oili, joto linatawanyika, na gesi ya naitrojeni inatenganishwa na oili ili isitoe povu. Oili yenye povu haina nguvu. Anayekimbia saa nyingi kwenye njia mbovu akiwa amepakia anauhitaji. Kwa watatu na mabegi, shokapu ya gesi ya bomba moja yenye pistoni pana, au hata ya bomba mbili iliyo bora, inatosha kabisa. Ukipata yenye kurekebishika, anza upande wa laini, ongeza hatua moja kwa safari moja, barabara ile ile, mwendo ule ule, na uandike.

Stabilaiza, ile fimbo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, iache ilivyo. Kuifungua kunasaidia kwenye mawe ya polepole, lakini kwa mwendo wa barabarani gari litalala kwenye kona.

Basi anza hivi: upepo leo, nati za bushi Jumamosi, mizani na mifuko minne wiki ijayo. Ukishapima niandikie uzito wa kila ekseli, gari limeshuka milimita ngapi, na nafasi ya kushuka uliyoikuta mbele na nyuma. Nikiwa na namba hizo nitakutajia uzito wa springi za kutafuta, mbele na nyuma, na ndipo tutaongea habari ya shokapu.